Siku Kumi za Waseme

Wenye boti wa Kalemie walimjua Prospère kwa mkono wake. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina kwenye mbavu za boti na mitumbwi mikubwa inayokwenda Moba na Kigoma: Tuvumiliane, Mungu Hasinzii, Jasho la Mama. Hakutumia rula. Alisimama mchangani, akafumba jicho moja, akavuta herufi ya kwanza bila kusita, na zilizofuata zikakaa kwenye mstari zenyewe. Mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la nne, na nyumba yangu hapa Kataki inatazamana na yake. Mara nyingi niliwaambia wanafunzi wangu waende wakaangalie boti kama wanataka kujua herufi nzuri ni nini.

Mwezi wa nane, mwaka juzi, alipanda boti kwenda Moba pamoja na mdogo wake Syntiche. Walikuwa wanakwenda kumsalimia mama yao, mkulima huko juu Kirungu. Jina la boti ile alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, wiki mbili tu zilizopita. Saa tisa ya mchana upepo wa kusini uliamka, mawimbi yakaingia ubavuni, na boti ikapinduka watu wakiwa bado wanabishana kama warudi au waendelee. Prospère alipata bidoni ya manjano, dumu tupu la plastiki, akaishika kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia alimshika Syntiche. Wavuvi walipomfikia jua lilikuwa linakaribia kuzama, na bidoni alikuwa nayo bado. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, ulikuwa mtupu.

Hakwenda Kirungu kwa msiba. Alisema hawezi. Kutoka hapo hakwenda popote.

Kwa miezi minane mimi jirani yake nilimwona labda mara tano. Reine, mke wake, alikuwa akiuza mikate ya asubuhi mbele ya nyumba, na kila nilipomuuliza habari za mumewe alijibu, "Yuko ndani." Alikuwa ndani kweli. Hakuweza kuoga kwa kujimwagia maji. Reine alimfuta kwa kitambaa kilicholowa. Mabati yakipigwa na upepo, alichuchumaa kwenye kona ya chumba, mikono masikioni, mpaka jasho likamlowesha shati. Na ule mkono ulitetemeka. Mtu mmoja alimletea kibao kidogo aandike "Duka la Dawa", akarudishiwa kikiwa na herufi mbili tu, zimepinda kama za mtoto wa shule ya watoto wadogo. Hakuletewa kibao tena.

Mbwa aliletwa na kaka yake Reine, Valère, anayelima upande wa barabara ya Nyunzu. Alifika kwa moto, pikipiki ya kukodi, mbwa amemfunga ndani ya gunia, kichwa tu kiko nje.

"Dada, nimekuletea mulinzi," alisema. "Muume wako hatoki, lakini mulango hauna muntu."

"Anaitwa nani?" Reine akamuuliza.

"Waseme. Kule kwetu watu wanasema sana."

Alikuwa mbwa wa kawaida kabisa, rangi ya mchanga, mbavu zinahesabika, mkia umejikunja. Reine hakumpenda. Alimtupia mabaki ya bukari, ugali wa kwetu, na vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, akamwacha kwenye kizingiti alinde.

Lakini mbwa yule hakujua kwamba Prospère ni mtu wa kuhurumiwa. Sisi wote tulikuwa tumeacha kumwomba kitu. Hata Myriam, binti yao wa miaka kumi na miwili, alikuwa amejifunza kupita karibu na baba yake kimya kimya kama anayepita karibu na mgonjwa. Mbwa aliingia ndani saa sita ya mchana, akasimama mbele ya kiti, akamwangalia. Reine yuko sokoni, mtoto yuko shuleni, mbwa ana njaa. Prospère aliinuka akamletea chakula. Kesho yake tena. Siku ya tatu alitoka hadi uani kuchukua bakuli, na Reine aliporudi alikuta mlango wa nyuma uko wazi, na mumewe amekaa juani.

Habari za upepo, Prospère alinieleza mwenyewe baadaye. Mara ya kwanza mabati yalipopigwa na mbwa akiwa ndani, Prospère alichuchumaa konani kama kawaida. Mbwa alimfuata, akajizungusha mara mbili, akalala juu ya miguu yake.

"Mwalimu," aliniambia, "mule majini hakukuwa na kitu chini ya miguu. Hicho njo ninachokumbuka kuliko vyote, miguu inatafuta na haipati. Mbwa akilala juu ya miguu yangu, najua niko pa kukanyaga."

Wakaanza kutembea asubuhi. Hapa kwetu mbwa anatembea peke yake. Mwanaume mzima anayeongozana na mbwa barabarani bila mkuki wala wavu, watu wanamcheka. Walimcheka. Alifika kwanza kwenye kona ya bomba, kisha sokoni, kisha, baada ya miezi miwili, karibu na daraja la Lukuga, ambapo alisimama na kugeuka kwa sababu mto unaonekana. Mkono ukawa unatulia kidogo kidogo. Mwaka ulipoanza, alikuwa akishuka tena mpaka kwenye uwanja wa maseremala wa boti, anaandika majina huku ameligeuzia ziwa mgongo, na Waseme amelala chini ya kivuli cha mbao. Upepo ukivuma, aliweka brashi chini na kuondoka na mbwa wake, na maseremala walizoea.

Nilifikiri mambo yameisha. Nadhani hata Reine alifikiri hivyo.

Mwezi wa tatu Waseme alipotea siku mbili. Prospère alimtafuta mitaa yote, na wengine walimwambia kwa utani kwamba labda ameshaingia sufuriani. Mbwa alirudi mwenyewe, sikio la kushoto limepasuka, damu imekauka shingoni. Wiki ileile ilisikika kwamba kule Lubuye watu wameua mbwa mwenye kichaa aliyeuma mbuzi wawili. Hakuna aliyeunganisha habari hizo mbili. Prospère aliosha sikio kwa maji ya chumvi, likapona.

Wiki tatu na nusu zikapita. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Upepo uliamka ghafla, ukang'oa bati moja la jiko langu ambalo nilijua tangu zamani kwamba limelegea, ukalitupa kwenye ukuta wa Prospère kwa kishindo kilichosikika mpaka barabarani. Yeye alikuwa amekaa mlangoni anakunywa chai. Aliruka. Alipotua, kisigino chake chenye uzito wote kikaangukia mbavu za Waseme, na mbwa, kwa maumivu na hofu, akauma kitu kilichokuwa karibu.

Kilichokuwa karibu ni ule mkono wa kulia. Matundu manne, mawili juu, mawili chini, kati ya kidole gumba na kiganja.

Nilivuka njia mbio. Prospère alikuwa anaangalia mkono wake. Mbwa alikuwa amejisukuma chini ya kitanda, analia. Ni Reine aliyelikumbuka sikio. Nilimwona akilikumbuka: macho yake yalikwenda chini ya kitanda, yakarudi kwenye damu, na uso wake ukabadilika.

Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu, sisi wanawake wawili, mimi na Reine, na yeye katikati. Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mmoja mpole anayeitwa Chérubin. Alifungua bomba, akatoa sabuni ya kufulia.

"Tunaosha robo saa nzima," alisema. "Maji yatiririke juu ya kidonda. Dawa ya kwanza njo hii."

Prospère alitia mkono chini ya bomba, na mwili wote ukaanza kutetemeka. Meno yaligongana. Reine alimshika kiwiko kwa mikono miwili ili asiuondoe. Chérubin alikuwa anatazama, na niliona anatazama kwa namna nyingine kuliko ya mtu anayesafisha kidonda.

Alipomaliza akatuuliza habari za mbwa. Reine akamweleza yote, mpaka la sikio na mbwa wa Lubuye.

"Amechanjwa?"

"Hapana, muganga."

Chérubin akafikiri. "Sikilizeni vizuri. Msimuue. Mufungeni kwa kamba, mumpe chakula na maji, mumuangalie kwa mbali siku kumi, na muntu asimguse. Kama alikuwa na ugonjwa kwenye mate siku aliyouma, hatamaliza siku kumi mzima. Ataacha kula, atajificha gizani, sauti itabadilika, atakufa. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, basi mate yake leo yalikuwa safi. Mkimuua leo hatutajua kitu." Akaongeza kwamba chanjo ya binadamu imekwisha mjini, ila inatazamiwa kuja na ndege kutoka Lubumbashi katikati ya wiki, na atamwekea yake.

"Na kwa muntu," Prospère akauliza, "ugonjwa unaanza namna gani?"

Kijana yule alijifuta mikono mara ya pili ingawa ilikuwa imekauka.

"Homa. Kidonda kinawasha. Kisha…" Akamtazama Reine. "Kisha muntu anaogopa maji."

Nje moto zilikuwa zinapita kama siku yoyote.

"Muganga," Reine akasema taratibu, "huyu anaogopa maji karibu miaka miwili."

Akamweleza habari za boti. Chérubin alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Kuogopa ziwa ni kitu kimoja," alisema mwishowe. "Ugonjwa ni koo. Koo inakataa kumeza, hata muntu akiwa na kiu. Na hauji haraka, unaweza kukawia wiki nyingi, hata miezi. Papa Prospère, kila asubuhi kunywa kikombe kizima cha maji. Ukishindwa, mniite."

Najua alitaka kumsaidia. Lakini kuanzia siku ile mtu aliyekuwa ameanza kusahau maji alilazimika kuyatazama kila asubuhi ndani ya kikombe, na kujiuliza hofu anayoisikia ni ile ya zamani au ni nyingine inayoanza.

Waseme alifungwa kwenye mti wa mpera nyuma ya nyumba, kwa kamba ya nailoni ya wavuvi, maana ndiyo iliyokuwepo. Hakuwahi kufungwa maisha yake yote. Siku ya kwanza, Jumapili, alilia mpaka sauti ikakauka, na sauti ilipokauka watu wakasema, sikieni, sauti imebadilika.

Mtaa ulijua kabla ya jioni. Siku ya pili hakuna aliyenunua mikate ya Reine. Siku ya tatu Reine alikuwa anapita mbele ya nyumba na ndoo kichwani, akajikwaa, maji yakamrukia Prospère aliyekaa mlangoni, na Prospère akarudi nyuma akagonga ukuta, mikono usoni. Tulikuwa wanne watano barabarani tulioona. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mmeona? Anaogopa maji." Wote walijua habari za boti. Walikuwa wamekwenda kulia naye. Lakini hofu haina kumbukumbu, na mimi siwezi kuwasema wengine, kwa sababu jioni hiyo nilimwita binti yangu Falone, aliyekuwa akicheza na Myriam kila siku, nikamwambia asivuke njia tena mpaka nimpe ruhusa. Bati lilikuwa langu. Nililijua limelegea. Bado nilifanya hivyo.

Siku ya nne chanjo ilifika, na Chérubin alikuja mwenyewe na kisanduku cha barafu, akamdunga begani. Ilipasa kututuliza. Prospère alimuuliza kama sindano iliyochelewa siku nne inafaa. "Inafaa," kijana akajibu. "Ingekuwa bora siku ya kwanza, lakini inafaa." Prospère alisikia zaidi lile neno la katikati.

Siku ya tano Waseme aliacha kula.

Reine aliweka bukari na samaki mbele yake asubuhi. Mchana inzi walikuwa juu ya chakula na mbwa amelala nyuma ya mti, kichwa kimeelekea ukutani. Ute ulikuwa unaning'inia mdomoni. Myriam ndiye aliyemwona kwanza, akaja kumwambia mama yake. Habari ilipita ukuta kwa ukuta, na saa nane Papa Patrice, jirani wa upande wa juu, aliingia uani na panga. Si mtu mbaya. Ana wajukuu watatu nyumbani.

"Mama Reine, toka njiani," alisema. "Munangojea nini tena? Amekwisha kuwa na kichaa. Akikata ile kamba, ataanza na watoto."

Reine alisimama kati yake na mpera. Ni mwanamke mfupi. Panga lilikuwa karibu kufika urefu wa mkono wake.

"Papa Patrice, ukimuua mbwa sasa, muume wangu hatajua kama atakufa au ataishi. Ataishi bila kujua mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka mzima. Huyu mbwa njo barua yetu. Acha tuisome mpaka mwisho."

"Na akikata kamba?"

"Akikata kamba, uanze na mimi."

Papa Patrice alishusha panga. Kisha akaenda kwake, akarudi na mlango mkuukuu wa mbao, akausimika kati ya uwanja wake na ule wao, na kuukaza kwa mawe.

Siku ya sita ndiyo ambayo Prospère mpaka leo haisimulii bila kusita katikati. Aliamka, akachukua kikombe. Reine alikuwa anapika uani, anamwona kupitia mlango. Aliinua kikombe, maji yakagusa mdomo, na koo likafunga. Alijaribu tena. Maji yakatoka kwa pembe za mdomo, yakashuka kifuani. Kidonda kilikuwa kinawasha tangu alfajiri. Alikaa chini. Alijua sasa. Aliniambia kwamba hata hofu yenyewe iliondoka kwa kitambo, ikabaki baridi tu, kama ile ya saa ya tatu majini ambapo mtu hafikirii tena kuokolewa.

Reine alikuja, akaona shati limelowa, akaelewa. Alikimbia kumwita Chérubin bila hata kuvaa viatu.

Prospère alibaki peke yake, na alifanya jambo ambalo muuguzi alikuwa amemkataza. Alitoka nje na kikombe chake, akaenda kwenye mpera. Anasema hakuwa na mpango wowote. Alifikiri tu kwamba kama wote wawili wameshaanza kufa, hakuna sababu kila mmoja afe upande wake wa ukuta. Mbwa hakuinua kichwa. Alitikisa mkia mara moja, mavumbi yakaruka. Prospère akakaa mchangani, akaweka mkono wa kushoto kwenye mbavu zake kama alivyokuwa akifanya siku za upepo, akangoja pumzi ipande na kushuka. Ilipanda. Ilishuka. Mkono ukasogea mpaka shingoni, na hapo mbwa akalia kidogo na kujikunyata.

Chini ya manyoya kamba ya nailoni ilikuwa imezama kwenye nyama. Siku za kwanza mbwa alipovuta na kuvuta, kamba ilikuwa imekata shingo pande zote, na sasa kidonda kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Ndiyo sababu hakuweza kuinama kula. Ndiyo sababu ute ulikuwa unamtoka: kumeza kulimwuma.

Prospère alikaa na jambo hilo kwa muda, anasema, kabla ya kuliamini. Kisha akafungua fundo. Fundo lilikuwa limekaza, ilichukua dakika nyingi, na katika dakika hizo zote mdomo wa mbwa ulikuwa karibu na mkono wake na hakuuma. Kamba ilipotoka, Waseme alisimama, akajikung'uta, akatembea hatua tatu mpaka kwenye beseni la maji, akaanza kunywa. Alikunywa kwa kelele, polepole, anasimama, anaendelea. Mbwa mwenye kichaa hanywi hivyo. Prospère alimtazama akinywa. Kisha akainua kikombe chake, na maji yakapita.

Chérubin alipofika anahema, na Reine nyuma yake, aliwakuta wote wawili pale, mbwa hana kamba na mtu ana kikombe kitupu. Alimgombeza Prospère kwa ukali ambao sikuutegemea kwa kijana yule. Alikuwa na haki; hakuna aliyejua bado. Kisha akaangalia shingo ya mbwa, akaguna, akaenda kuleta dawa ya kidonda. Walimfunga upya kwa kitenge cha zamani kilichosokotwa, kilegevu, chini ya kifua badala ya shingoni.

Siku ya saba Waseme alilamba uji. Siku hiyohiyo Prospère alipata sindano ya pili. Siku ya nane mbwa alikula samaki mmoja, na mimi nikamruhusu Falone avuke njia, lakini asiingie uani. Siku ya tisa mvua kubwa ilinyesha, na hatukujua kitu cha mtu yeyote. Kila mmoja alikuwa ndani kwake. Nilikaa dirishani nikiangalia nyumba ile iliyofungwa, nikifikiri juu ya mtu aliye ndani yake na maji yanayopiga mabati pande zote.

Siku ya kumi, Jumanne, Chérubin alikuja saa mbili asubuhi. Watu wanane tisa walikuwa wamesimama nje, wanajifanya wana shughuli. Papa Patrice alisimama nyuma ya ule mlango wake wa mbao. Reine aliweka bakuli chini. Waseme akala bukari yote, akalamba bakuli mpaka likasogea ukutani, kisha akamtazama Reine kama kuna zaidi. Chérubin akamzunguka, akamwita, akapiga makofi, akamtazama macho na mdomo kwa mbali.

"Papa Prospère," alisema, "huyu ni muzima. Na wewe ni muzima. Imekwisha."

Prospère alikaa chini palepale. Hakulia, lakini Reine alilia kwa ajili yao wawili, akiwa amejifunika uso kwa kitenge. Nilivuka njia nikamwambia Prospère habari za bati. Alinitazama kama hanielewi. "Ilikuwa upepo, Mwalimu," alisema. Sikupata msamaha zaidi ya huo, na sidhani nilistahili zaidi.

Mwezi uliofuata yeye na Chérubin walimpeleka Waseme kwa daktari wa mifugo, akachanjwa. Papa Patrice aliwapelekea na mbwa wake, bila kueleza. Mikate ilianza kununuliwa tena. Ila Prospère hakuwa yule wa kabla ya kuumwa. Kidonda kilimwachia kidole gumba kigumu, na ilimbidi ajifunze kushika brashi kati ya vidole viwili vya katikati. Ziwa analiogopa bado. Upepo ukivuma, bado anaondoka uwanjani. Alichonieleza ni kwamba sasa anaijua hofu yake. "Nilikuwa nayo karibu miaka miwili na sikuiangalia," alisema. "Zile siku kumi niliiangalia kila asubuhi. Ni kubwa, lakini ina mwisho wake."

Mwezi wa sita, mvua ilipokatika na barabara ikakauka, alikodi moto mbili kwenda Kirungu kwa njia ya nchi kavu. Watu wanaokwenda kwa boti walimshangaa. Siku mbili nzima, milima, mawe, vijito visivyo na madaraja, yeye moto moja na mbwa ndani ya gunia, Reine na Myriam nyingine. Kumbuka kwamba hakuwa amemwona mama yake tangu boti ipinduke. Mama alikuwa amezika kitambaa na viatu vya Syntiche, kwa sababu mwili haukupatikana. Na Prospère, aliyekuwa na Syntiche majini na kumshika mkono, hakufika msibani. Reine aliniambia kwamba siku ya pili, walipoanza kupanda milima ya Marungu na baridi ikaanza, Prospère aliwasimamisha mara tatu ili atapike. Hofu ya ziwa, alisema Reine, si kitu mbele ya hofu ya kumwona mama yake.

Walipofika, mama alikuwa anapepeta maharagwe uani. Hakuinuka. Prospère alisimama kwenye njia na hakuweza kusogea. Waseme, aliyekuwa amechoka na gunia, alitoka, akaenda moja kwa moja kwa yule mama, akamnusa magoti, akajizungusha mara mbili, akalala juu ya miguu yake.

"Mbwa wa nani huyu?" mama akauliza.

"Wangu, mama."

"Shingo yake imefanya nini?"

Prospère akakaribia ili amweleze. Akachuchumaa. Wakazungumza habari za mbwa, kamba, muuguzi, Papa Patrice na panga lake, kwa saa nzima, mama anapepeta na mwanawe anaokota maharagwe yanayoanguka. Reine na Myriam walikaa kando, hawakuthubutu kusogea. Kisha mama, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akauliza, "Syntiche alisema kitu?"

"Alisema maji ni baridi," Prospère akajibu. "Alisema nisimuache. Mama, mkono uliteleza."

Mama aliweka ungo chini.

"Umekula?" mama akasema.

"Bado."

Akamwambia aingie ndani.